Kinung'uni wa Upande wa Barabarani

9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefika. Mimi mzima, mikasi mizima, kioo kikubwa ndicho kimepata ufa, kwa sababu yule kinyozi niliyemwachia duka alijitazama kupita kiasi. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu yako bado iko chini ya bwawa ikipokea salamu za vyura.

Zile wiki mbili za msiba wa mama zimenitoa kilo nne, na wateja wameona. Mmoja, mtu mzito, simtaji, aliniambia, "Kinyozi, leo mkono wako mzito." Nikamjibu, "Mheshimiwa, mkono huu umenyoa mabalozi wa nchi sita, na mmoja alitokwa na machozi nilipohama mtaa. Juzi umeshika udongo wa mama yangu. Uvumilie." Akauvumilia. Watu wakubwa ni watu tu, ukishawashika kidevu.

Sasa swali dogo, la kupita njia. Yule Binti Darubini mliyempangisha chumba cha uani, bado anachutama kwenye matete alfajiri na kile kinasa sauti chake chenye manyoya, kama paka aliyechomekwa kwenye fimbo? Amesikia chochote? Nauliza tu. Maana miezi mitano kumtafuta kinung'uni, ndege mwenyewe hazidi kidole gumba, rangi ya tope, sauti ya mzee aliyenyimwa kiti, hayo ni mapenzi au ni ugonjwa?

Nijibu upesi. Na upumzike. Miundu haitaota kutu kwa siku mbili tatu.

Kaka yako,
Kinyozi wa Mabalozi


2 Machi

Kaka,

Umeandika ukurasa mzima na hujasema kama unakula. Kwa hiyo najua huli.

Binti Darubini amempata ndege wake. Alimsikia asubuhi tatu mfululizo, ulipokuwa bado hapa. Hakusema kitu kwa kuwa tulikuwa msibani, akasubiri watu watawanyike. Sauti amewapelekea wakubwa zake, nao wamemjibu kwamba ndiye, kinung'uni hasa, ambaye vitabu vyao vilisema hajasikika miaka kumi na tisa. Aliingia jikoni na matope mpaka magotini, akanikumbatia nikiwa na ndoo mkononi, akaangua kilio. Mtu mzima, kaka. Na mimi nikalia. Labda zamu yangu ilikuwa haijaisha.

Lakini kuna jambo linanikera. Nilimuuliza, umemsikia wapi? Akasema upande wa barabarani, pale karibu na njia. Barabarani! Nakata matete pale tangu nikiwa na meno ya utoto, sijaona hata unyoya wa kinung'uni. Wote wako ng'ambo ya mfereji, unajua, ndiyo maana mama hakuruhusu mundu uvuke. "Huku kwetu, kule kwao," basi, na mjadala umefungwa. Hao wenye vitabu miaka kumi na tisa hawakumsikia kwa sababu hakuna aliyelowesha suruali akavuka.

Nilinyamaza. Mama alikataza mgeni kuonyeshwa viota, na mgeni ni mgeni hata kama analala uani kwetu na anaosha vyombo vizuri kuliko mimi.

Hebu niambie wewe uliyetembea. Inawezekana wamehama?

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Gazeti lenye habari ya kinung'uni limefika mpaka huku! Habari yenyewe ni ndogo, imebanwa kati ya tangazo la magodoro na matokeo ya mpira, lakini nimeikata kwa wembe mpya kabisa na kuibandika juu ya kioo. Anayekaa kitini hana pa kukimbilia, lazima asome. Nawaambia, "Huyo ni wa kwetu. Nimekua naye. Baba yake alikuwa rafiki wa baba yangu."

Wanacheka. Kisha nawapigia mluzi wake, ule mama aliotufundisha (wewe ulishindwa, usibishe). Mteja mmoja, povu la sabuni nusu ya uso, akasema, "Rudia." Jana nimerudia mara kumi na nne. Fundi viatu wa mlango wa pili ameacha nyundo yake akaja kusimama mlangoni. Nakwambia, kama ningesoma, leo ningekuwa jukwaani nimevaa koti lenye mkia.

Kuhusu swali lako: ndiyo, wamehama. Tena nakuthibitishia, mimi mwenyewe niliwasikia pale barabarani asubuhi nilipokuwa nikitembea kupunguza huzuni. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na mengi. Dunia inageuka, mdogo wangu, na mimi nimeona mambo. Niliishi mji mmoja ambao kunguru wanavuka njia kwa kufuata taa. Ndege hana hati ya nyumba. Leo ng'ambo, kesho barabarani.

Basi tulia. Mwache binti wa watu afurahi. Furaha haimli mtu.

Kaka yako,
ambaye sasa anaitwa Bwana Ndege mtaa mzima


28 Aprili

Kaka,

Ofisi ya wakubwa wa Binti imekuja na nguzo, waya na kibao. Wamefunga upande wote wa barabarani, kuanzia njia mpaka mfereji. Kibao kinasema hakuna kukata, hakuna kuvua, hakuna kupita, kwa sababu ya ndege adimu. Wamemchora pia. Amekuwa mnene kama kuku.

Tulifika na miundu asubuhi, wanawake saba, tukakuta waya. Tukakaa kwenye gogo kama watu walioalikwa harusi wakakuta ilikuwa jana. Zahanati imetuagiza mapazia ishirini ya madirisha. Shule inataka majamvi ya watoto wa darasa la kwanza. Na wewe unajua hatuna shamba, hatuna duka. Tuna matete.

Binti Darubini alikwenda kugombana nao, niseme ukweli. Aliwaambia watuachie hata vipande viwili, kwamba matete yakikatwa kwa zamu yanachipua vizuri zaidi. Wakamwambia ripoti ni yake mwenyewe, ndege ni wake, amshukuru Mungu. Alirudi hakunitazama usoni.

Mama Pacha akasema, "Ng'ambo yapo, marefu kuliko haya."

Nikasema, "Ng'ambo hatukati."

"Mama yako Mungu amlaze pema, lakini yeye hakuwahi kufungiwa waya."

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye mtoto wa mama, kaka. Neno lilikuwa langu. Nilikwenda nyumbani, nikatoa barua yako, nikarudi nikawasomea pale ulipoandika kwamba wamehama na umewasikia kwa masikio yako. Mama Pacha akasema, "Kinyozi ana maneno mengi, lakini kwa ndege hadanganyi, yule alilelewa bwawani."

Kama wamehamia ndani ya waya, basi wao wako salama kuliko sisi. Jumatatu ijayo tunavuka.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo, sijui ilipitia wapi. Msivuke. Kama mmevuka, rudini.

Ule mfereji una kina, na wewe huogelei. Kuna nyoka. Mama alikataza na hakukataza bure. Mimi nina mkuu mmoja namnyoa kila Ijumaa, nitamshika kidevu na kumweleza habari za waya. Subirini mwezi mmoja tu.

Nina wateja, naishia hapa.

Kaka yako


17 Juni

Kaka,

Mfereji unanifika kiunoni. Tulikuwa tukioga humo mimi na wewe. Na nyoka nimewaona wengi kuliko mabalozi uliowanyoa.

Tulivuka Jumatatu ile niliyokuambia, kabla barua yako haijafika. Mwezi uliouomba umepita, waya bado upo, wewe kimya. Sasa nisikilize.

Hawakuhama.

Niliona kiota cha kwanza kabla sijainua mundu. Kikapu kidogo kimefumwa kwenye mashina manne, kinaning'inia katikati kama kimeshikwa na vidole. Mimi nafuma miaka yote hii na sijui kufuma vile. Nikafunga fundo la jani kwenye yale mashina, unakumbuka, kama mama alivyofanya upande wetu akikuta kiota cha ndege mwingine, ili mundu upite pembeni. Wiki ya kwanza nilifunga mafundo kumi na moja. Wenzangu waliyaheshimu, hata Mama Pacha. Tulikata tukizunguka, tukaona tumefanya jambo la haki.

Lakini fikiria, kaka. Unakata pande zote unabakiza shada dogo la matete, limesimama peke yake uwanjani. Kila mwewe analiona. Kenge hata haulizi njia. Wiki ya pili nilipita kwenye mafundo yangu moja moja. Viota vyote kumi na moja vitupu. Nilikuwa nimewawekea alama.

Baada ya hapo sikufunga tena. Nilikata kama mwingine yeyote, zahanati walikuwa wanataka mapazia yao. Kiota kimoja nilikikata nikikijua. Kilikuwa na mayai matatu. Nisikueleze.

Kwa siku kadhaa walikuja kunung'unika juu ya visiki. Kisha siku moja nikasimama ghafla, nikawa sijui kwa nini nimesimama, mpaka Mama Pacha aliposema, "Pametulia, eh?"

Binti Darubini hajui kitu. Kila asubuhi anakwenda kukaa ndani ya waya wake na yule paka wake wa fimbo, anarudi mikono mitupu. Jana aliniuliza, "Dada, unadhani nimewaudhi?" Nikammiminia chai. Wiki saba namnyima neno moja ambalo lingehamisha waya. Niliogopa wakijua ng'ambo watafunga na ng'ambo, tukose kote. Hiyo ni yangu, siitupi kwako.

Ila hili ni lako. Uliniandikia kwamba uliwasikia barabarani kwa masikio yako. Ulisikia kweli?

Usinipigie hadithi.

Mdogo wako


3 Julai

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya nne. Tatu ziko kwenye droo pamoja na nyembe zilizoisha makali. Ya kwanza niliiandika siku ileile niliyokuambia mfereji una nyoka. Niliifunga kabisa, nikabandika na stempu, nikaenda nayo mpaka posta, nikasimama kwenye mstari. Nilipofika dirishani nikaomba bahasha nyingine nikarudi nayo dukani, nikakuandikia ile ya nyoka. Huyo ndiye kaka yako aliyewashika mabalozi kidevu.

Sikusikia kitu barabarani. Ni mimi.

Asubuhi ya nne baada ya mazishi nilitoka kabla hamjaamka. Nilitaka kulia mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia jikaze. Nikaingia kwenye matete karibu na njia, na kilio hakikuja, maana mimi hata nikitaka kulia kwanza nasafisha koo. Badala yake nikapiga mluzi wa mama. Mara moja, taratibu.

Hatua ishirini mbele nikasikia matete yanatikisika. Nikachungulia. Binti Darubini, amepiga magoti kwenye maji, fimbo yake imenyooka, mdomo wazi. Mdogo wangu, nilivyoziba mdomo nisicheke! Siku nne sijacheka. Mama amelala chini ya udongo na mimi nimekamata mtu mwenye digrii mbili kwa mluzi. Nikampigia tena. Akawa anaandika kwenye daftari.

Kesho yake nikarudi. Nikampa wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, na ndege wa pili anayemjibu, nikibadilisha sauti. Siku ya tatu nilipanga nimalize mchezo, nitoke kwenye matete mikono juu, niseme, "Dada, ndege wako huyu hapa, anavaa viatu namba arobaini na tatu." Tucheke wote. Nilikuwa nimeshainua mguu.

Nikamwona analia. Si kama watu wanavyolia msibani, kwa sauti. Analia kimya asije akamfukuza ndege. Nikaushusha mguu. Nikajiambia, miezi mitano kwenye tope, nani wa kumnyang'anya? Nikarudi nyumbani kinyumenyume, nikajiona mtu mwema. Nakuapia nilijiona mtu mwema. Nilipanda basi kurudi huku nikiwa nimemwachia binti wa watu zawadi.

Ulipouliza kama wamehama ungeweza kunisaidia kwa kuwa mjinga kidogo. Lakini wewe unajua kila tete kwa jina. Nikaona nikisema kweli, binti ataumbuka mbele ya wakubwa zake, gazeti litacheka, na mimi nitakuwa yule aliyefanya mzaha na mama hajapoa kaburini. Kwa hiyo nikaongeza masikio yangu. Maneno matatu tu, "mimi mwenyewe niliwasikia". Nimesema uongo mkubwa zaidi ya huo kila siku ya maisha yangu, kuhusu mabalozi (alikuwa mmoja, na alikuwa dereva wake), na hakuna aliyeumia. Sikujua kwamba huu mtausoma kwenye gogo, watu saba, kisha mchukue miundu.

Waya ule wameuzungushia mluzi wangu. Wao kule ng'ambo nikawaacha wazi.

Ulifunga mafundo ukiwa unadhani unaokoa. Usijiite uliyewawekea alama. Mwenye alama ni mimi.

Mwambie Binti. Kama huwezi, nipe ruhusa nimwambie mwenyewe. Gazeti nimelibandua, limetoka na rangi ya ukuta.

Kaka yako


25 Julai

Kaka Kinyozi,

Salamu kutoka uani. Dada yako alinisomea barua yako yote, hata pale pa viatu namba arobaini na tatu. Kisha akaniambia habari za ng'ambo, akanivusha mfereji, akanionyesha visiki. Alikuwa anajua mahali pa kila kiota. Alisimama mahali kumi na mbili.

Nitakuwa mkweli kwako. Wiki ya kwanza nilikuchukia. Nilisikiliza ile sauti tena usiku na mchana, nikitafuta pale nilipopaswa kugundua. Nilipapata: katikati ya asubuhi ya pili kuna mtu anavuta pumzi puani. Nilikuwa nimeandika pembeni, "upepo". Kwa hiyo si wewe peke yako uliyetaka kuwe na ndege.

Ile rekodi nimeifuta kwenye kumbukumbu za ofisi na kuandika sababu. Wamenijibu kwa mistari miwili. Kwa kuwa sauti si ya ndege, basi hakuna ushahidi wa ndege, na waya utaondolewa. Niliwaeleza habari za viota vya ng'ambo. Wakauliza, picha iko wapi, sauti iko wapi? Hakuna. Maneno ya mkata matete hayapokelewi. Kwa karatasi zao, kinung'uni hajawahi kuwa hapa tangu miaka ile kumi na tisa.

Kwa hiyo nina ombi, na nimelifikiria kabla ya kuliandika. Hakuna wimbo wake mzima mahali popote. Rekodi ya zamani ni sekunde sita, nusu yake ni maji. Dada yako anasema mama yenu aliusikiliza wimbo huo maisha yake yote na alikufundisha wewe hatua kwa hatua. Naomba uurekodi kwenye simu yako, wote, ukiwa umetulia, unitumie. Nitaandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba ni binadamu. Ndicho kitu cha karibu zaidi tulichobakiwa nacho.

Usinipigie vizuri. Nipigie kama alivyokuwa.

Mpangaji wa uani


14 Agosti

Mdogo wangu,

Barua hii nakuandikia wewe, mwambie Binti kwa maneno yako, maana mimi nimeona aibu hata ya kumwandikia.

Jumapili nilifunga duka mchana. Nikashusha pazia, nikaweka simu juu ya kiti cha wateja, nikaiegemeza kwenye kopo la poda. Nikakaa kwenye benchi kama mimi ndiye ninayesubiri kunyolewa. Nikapiga.

Ulitoka mtamu sana. Nikausikiliza. Nikasema hapana, huo ni wa wateja. Unakumbuka nilikuambia wanasema "rudia"? Sasa mtu akikuambia rudia mara ya kumi, humpi kilekile. Nilirefusha mwisho kwa sababu fundi viatu aliupenda mwisho. Nikaweka ule mtetemo katikati kwa ajili ya mteja mmoja mwenye watoto, watoto walicheka. Nikaongeza kile kijisauti cha juu kwa sababu tu nakiweza na kinyozi wa mtaa wa pili hakiwezi. Mwezi mzima, kila siku, mara kumi na nne, ishirini.

Nikapiga tena, nikitoa nilichoongeza. Nikafika katikati nikakwama. Yale manung'uniko ya pale, ni matatu au manne? Baada yake kuna kimya, hilo nalijua, mama alikuwa ananishika mkono wakati wa kile kimya ili nisiharakishe. Kirefu kiasi gani? Nikamfikiria mama nikamwona mkono, nikaona na pete yake, lakini sikusikia kitu.

Nilikaa mpaka jua likahama dirishani. Nilipiga mara thelathini na kitu. Kila mara ulikuwa wimbo mwingine, na kila mmoja mzuri, na hakuna ambao ningeweza kusema huyu ndiye yeye na huyu ni mimi.

Mimi niliyemwambia kila mtu nimekua naye.

Nimefuta zote. Nisingeweza kumtumia Binti kitu cha kubuni kwa mara ya pili. Lakini wewe huwezi kupiga mluzi, ila ulimsikia kila siku mpaka juzi hapa. Nikija, nikakupigia polepole, utaniambia hapa kosa, hapa sawa? Tunaweza kumpata, vipande vipande. Nina likizo, duka ni langu, nani wa kuninyima. Sema neno nipande basi.

Kaka yako


1 Septemba

Kaka,

Nimemwambia Binti. Akasema, "Mwambie asante kwa kufuta." Hakusema kwa kejeli. Mimi ningesema kwa kejeli.

Waya wameutoa Jumatano. Kibao wamekisahau, kimebaki na yule kuku wao. Siku hiyohiyo tulikaa kwenye gogo wote saba, na Binti wa nane. Nikawaambia wanawake yote uliyoniandikia. Nilitaka walisikie kwangu kabla hawajalisikia sokoni. Mama Pacha alikutukana vizuri sana, kwa mpangilio, kuanzia kichwani mpaka miguuni, sitarudia. Alipomaliza akajifuta macho akasema, "Na mimi ndiye niliyesema yapo marefu."

Tumekubaliana. Barabarani tunakata kwa zamu kama zamani. Ng'ambo hakuna mundu, hata zahanati ikiagiza mapazia mia. Hakuna ofisi iliyotuambia. Matete yameanza kuchipua kwenye visiki, yananifika kifuani sasa. Ndani yake hamna kitu. Kila asubuhi navuka na Binti, tunakaa kwenye jukwaa dogo la miti tulilofunga, hatuongei. Wakubwa zake wamemwita arudi, ameomba abaki mpaka matete yatimie. Jana tulisikia vyura, upepo, na lori barabarani. Aliandika vyote vitatu.

Umeuliza kama nikikusikiliza naweza kukuambia hapa kosa, hapa sawa. Naweza. Naukumbuka wote, kile kimya pia najua urefu wake. Lakini sitafanya hivyo, kaka. Ukishajua, utapiga. Utakuwa umekuja kwa nia njema, utanyamaza siku mbili, siku ya tatu utatuona tumekaa pale tumeinamisha vichwa, na moyo wako ule mkubwa utakuuma, na utataka kutupa kitu. Nakujua. Ndivyo ilivyoanza.

Sijakusamehe bado, nakuambia kweli kwa sababu wewe umeniambia kweli. Mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa hiyo uko kwenye mstari, subiri zamu yako. Lakini chumba cha mama kipo, nimebadilisha shuka, na wewe huli huko.

Njoo. Tutavuka mfereji pamoja, nitakushika mkono pale penye tope. Ila ukifika ng'ambo ufunge mdomo, usipige hata wa kuita mbwa. Siku tukisikia kitu mle ndani, nataka sote tuwe na uhakika kwamba si wewe.

Mdogo wako